Dondoo muhimu: Kupanda Morningside baada ya mitihani

Mwanafunzi wa Morogoro hahitaji nauli ya mbali ili apumue. Milima ya Uluguru anaiona kila siku.

• Anzeni saa 12 na nusu asubuhi. Njia ya kwenda Morningside, sehemu ya milima hiyo penye jengo la zamani la Wajerumani, ni mlima tangu mwanzo. Kuupanda kwenye jua la saa 6 ni adhabu.

• Viatu viwe na meno. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo huteleza kama mlenda, na wengi huanguka wakati wa kushuka, miguu ikishachoka. Fimbo husaidia (acheni kuona aibu). Mvua ikianza kunyesha, geuzeni.

• Maji lita moja na nusu kila mtu, ndizi, karanga.

• Mkipita mashambani, salimieni. Wenyeji ndio wanaojua njia ipi imekatika.

• Mnataka kuendelea hadi kilele cha Bondwa? Huko ni hifadhi. Ulizieni kibali kabla ya siku ya safari.

• Mwambieni mtu aliyebaki saa ya kurudi.

• Madaftari yabaki bwenini. Atakayetaja sapu (mtihani wa marudio) abebe mabegi ya wote.