SOMO: TAA ZA TELA LA BOTI

Chama cha wavuvi kinapopeleka boti yake kwa fundi kutoka Mkokotoni hadi mjini, safari huanza alfajiri, kungali giza. Shetri hutokeza nyuma ya tela na kuzifunika taa zilizofungwa chini yake, hata mwenye daladala aiona boti akiwa amekwisha kuifikia.

Kosa linalorudiwa ni kununua balbu mpya, ilhali balbu siyo mgonjwa. Umeme utokao kwenye betri hauna budi kurudi. Ukiachwa urudi kwa chuma cha kiungio kati ya gari na tela, kutu huuzuia: taa hufifia, au dereva akanyagapo breki huwaka taa ya kugeukia. Dawa yake ni waya wa pekee wa kurudishia umeme, kutoka kila taa hadi plagi.

Taa ziwe za LED zilizozibwa kabisa, zilingane na betri: gari dogo volti 12, malori mengi 24. (Hapa ndipo fedha za wanachama huungua kwa dakika moja.) Balbu ya kawaida yenye moto ikitumbukizwa baharini hupasuka, basi plagi ichomolewe kabla tela halijashuka majini. Bora zaidi ni kufunga taa kwenye ubao uning'inizwao shetrini, ukaondolewa pwani. Maungio ya waya yalehemiwe na kupakwa grisi. Utepe peke yake hauzuii chumvi.

Katibu asiidhinishe malipo ya fundi mpaka mmoja akanyage breki, na mwingine, hatua thelathini nyuma, aione taa mchana.