SOMO LA HESABU: NAMBA NDOGO NA NAMBA KUBWA KATIKA ORODHA



Tunapolalamika kwamba kiwango cha kazi ni kizito, huenda mwajiri akajibu: "Mbona mchumaji huyu alifikisha kilo 41?" Pengine hasemi uwongo. Lakini ametaja namba moja tu, ile iliyo kubwa kuliko zote. Leo tujifunze kuitafuta namba hiyo sisi wenyewe, pamoja na ile iliyo ndogo kuliko zote.

Tuchukue mfano. Mchumaji wa chai ameandika katika daftari kilo zake za siku kumi:

28, 33, 19, 30, 41, 26, 31, 22, 35, 25

Kutafuta kubwa: shika namba ya kwanza, 28. Ilinganishe na inayofuata. 33 ni kubwa zaidi, basi acha 28, shika 33. 19 na 30 hazifiki, zipite. 41 inazidi, ishike. Endelea mpaka mwisho. Hakuna inayozidi 41, basi hiyo ndiyo kubwa.

Kutafuta ndogo: anza tena na 28, lakini sasa badilisha kila unapokuta iliyo ndogo zaidi. Utabaki na 19.

Kwa namba kumi unalinganisha mara tisa tu. Usiruke hata moja.

Jihadhari na mambo haya:

1. Usianze na sifuri unapotafuta ndogo. Hakuna siku itakayokuwa chini yake, nawe utapata jibu la uwongo.

2. Siku ambayo hukwenda kazini weka mstari, usiandike 0.

3. Usichanganye vipimo. Ratili 66 ni karibu kilo 30 tu.

4. Ukikuta namba ya ajabu, kama 310, rudi kwenye karatasi ya mizani. Huenda karani aliongeza sifuri.

Sasa tazama maana yake. Jumla ya siku kumi ni kilo 290, yaani wastani wa kilo 29 kwa siku. Kilo 41 zilipatikana siku moja tu. Kiwango kikiwekwa hapo, mchumaji huyu atashindwa siku tisa katika kumi. Na siku ya kilo 19, andika sababu kando yake: mvua, ukame, au alipelekwa kupalilia?

Mkataba Nambari 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi aelezwe hesabu ya mshahara wake kila anapolipwa, pale inapoweza kubadilika. Mwenye daftari lake ataweza kuihakiki hesabu hiyo.

Zoezi: tafuta ndogo na kubwa katika 24, 37, 18, –, 37, 29.

Jibu: 18 na 37. Kubwa kutokea mara mbili si kosa, na ule mstari hauhesabiwi.

Mwenzako asiyejua kusoma, msaidie kuandika kilo zake kila jioni. Daftari moja ni ushahidi. Madaftari ya kikosi kizima ni nguvu mezani.