Aina mpya ya viazi: maswali ya kuuliza kabla ya kuilima, kuihifadhi na kuila

Viazi ni chakula cha pili kwa umuhimu nchini Kenya baada ya mahindi. Mukimo wa nyumbani Nyeri, mchuzi wa viazi wa hoteli ndogo za Karatina na chipsi za vibanda vya Nanyuki, vyote huanzia katika mashamba kama yale ya Endarasha, kwenye nyanda za Kieni kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mjini mna kipande cha shamba huko, au mna ndugu anayekilima kwa niaba yenu. Na kila baada ya misimu michache husikika jina jipya la mbegu: inazaa sana, inakomaa upesi, inapendwa na wenye vibanda.

Huenda ukashangaa kwamba daktari anajitia katika mambo ya bwana shamba. Sababu ni kwamba mavuno si kipimo pekee cha aina mpya. Kiazi ni mmea wenye sumu yake ya asili, na kiasi cha sumu hiyo hutegemea aina ya mbegu, hali ya shamba na jinsi ghala lilivyotunzwa. Mambo hayo matatu huamuliwa kabla kiazi hakijafika katika sufuria yako.

KIAZI NI CHAKULA CHEMA

Nisieleweke vibaya. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zipatazo 87 tu, pamoja na vitamini C na madini ya potasiamu yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu. Gramu 100 za chipsi huwa na kalori 300 hivi kwa sababu ya mafuta. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu afuate maagizo ya daktari wake, na mwenye kisukari apime kiasi anachokula. Wengine, kuleni viazi bila hofu, mradi viwe vizuri.

SUMU YENYEWE

Kiazi hujikinga dhidi ya wadudu na magonjwa kwa kutengeneza kemikali zinazoitwa glaikoalkaloidi. Ile inayojulikana zaidi ni solanini. Hukusanyika zaidi katika ganda, kwenye macho na ndani ya machipukizi. Kiazi kikipigwa na mwanga hubadilika kuwa kijani, na wakati huohuo sumu huongezeka. Rangi ya kijani yenyewe haina madhara, kwani ni ileile ya sukumawiki. Ni ishara tu kwamba kiazi kimekaa mahali ambapo sumu hujiongeza. Kuchubuka na kukatwa na jembe pia huiongeza.

Wataalamu wengi wa mbegu hutumia kikomo cha miligramu 200 za sumu hizi kwa kila kilo ya viazi vibichi. Viazi vizuri huwa na kiasi kidogo zaidi ya hapo. Mwaka 2020, shirika la usalama wa chakula la Umoja wa Ulaya lilieleza kwamba dalili zinaweza kuanza mtu akila kuanzia miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake.

Hebu tufanye hesabu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 20 anaweza kuumwa akila miligramu 20. Ikiwa kiazi kina miligramu 50 kwa kilo, atahitaji kula gramu 400 ili kufikia hapo. Lakini kikiwa na miligramu 400 kwa kilo, gramu 50 zatosha, na hiyo ni chini ya nusu ya kiazi cha ukubwa wa wastani.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba kuchemsha hakuiondoi sumu hii, na kukaanga kwa kawaida hakuimalizi. Kinachosaidia ni kumenya, kwa kuwa sehemu kubwa imo katika ganda na chini yake kidogo.

FUNZO KUTOKA NJE

Mwaka 1967 nchini Marekani kulitolewa aina mpya iliyoitwa Lenape. Ilikuwa imezalishwa kwa kuchanganya kiazi cha kawaida na jamii ya viazi mwitu, na ilisifiwa kuwa nzuri mno kwa krispi. Ilikuwa na unga mwingi na sukari kidogo, na ilipokaangwa ilipata rangi ya dhahabu. Baadaye ikagunduliwa kwamba ilikuwa na glaikoalkaloidi kupita kiasi. Mwaka 1970 iliondolewa. Waliokuwa wameisifu hawakusema uongo, kwani sifa zake zote zilikuwa za kweli. Tatizo ni kwamba swali moja lilikuwa limechelewa kuulizwa.

Uswidi nayo ilipata funzo lake mwaka 1986, wakati aina ya Magnum Bonum ilipoondolewa sokoni kwa sababu hiyohiyo ya sumu. Hii haikuwa mbegu ngeni, maana ilikuwa imeliwa kwa vizazi. Kwa hiyo aina iliyo salama mwaka huu yaweza kupandisha sumu hali ya hewa ikibadilika. Mkulima wa Endarasha, anayeamka siku nyingine akakuta majani yameunguzwa na jalidi ya alfajiri, asitegemee tu sifa za mbegu iliyojaribiwa mahali penye joto.

Kisa cha tatu chatoka London. Mwaka 1969, wavulana 78 wa shule moja waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba walilazwa hospitalini, na baadhi yao walikuwa katika hali mbaya, ingawa wote walipona. Tusome kisa hicho kwa makini sisi wenye shule nyingi za bweni, ambako gunia huweza kusahauliwa likizo nzima.

USINGIZI WA KIAZI

Kiazi kikivunwa hulala. Hakichipui mpaka muda wake wa usingizi uishe, na muda huo hutofautiana kwa aina. Hapa ndipo faida ya mkulima na afya ya mlaji zinapokutana.

Chukua mfano wa Shangi, aina inayotawala masoko yetu. Wakulima waliipenda na kuisambaza wenyewe kabla haijaidhinishwa rasmi. Hukomaa mapema, huzaa vizuri na huiva upesi jikoni, jambo linalookoa gesi na makaa. Lakini usingizi wake ni mfupi sana, na huchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Mkulima hulazimika kuuza haraka wakati bei iko chini, na anayejaribu kungoja huleta sokoni viazi vyenye machipukizi. Dutch Robijn, ile ya ganda jekundu inayopendwa na watengenezaji wa krispi, hulala muda mrefu zaidi.

Kituo cha utafiti cha Tigoni, karibu na Limuru, ambacho sasa kiko chini ya shirika la KALRO, kimetoa aina kadhaa kwa miaka mingi. Tigoni na Asante zilitolewa mwaka 1998, kisha Kenya Mpya na Sherekea mwaka 2010. Kabla aina haijaidhinishwa hupitia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na shirika la KEPHIS. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa anayekuuzia mbegu liwe hili: je, imeidhinishwa, na mbegu hii imekaguliwa? La pili: hulala kwa muda gani?

BARIDI, SUKARI NA CHIPSI

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya kuchipua ni baridi kali. Ni kweli kwamba baridi huchelewesha kuchipua. Lakini katika baridi ya chini ya nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi, wanga wa kiazi huanza kugeuka sukari. Kiazi hicho kikikaangwa huwa cheusi na chenye uchungu. Si rangi tu inayoharibika. Mwaka 2002 wanasayansi wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi. Tangu mwaka 1994 kemikali hiyo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Sukari ikiwa nyingi ndani ya kiazi, na chipsi zikigeuka kahawia, akrilamaidi huongezeka.

Kwa hiyo aina ya kukaanga ipimwe kwa sukari yake, na viazi vya chipsi visiwekwe ndani ya friji. Aidha, kiazi chenye maji mengi hunyonya mafuta mengi zaidi kuliko chenye unga mwingi. Mwenye kibanda anayechagua aina yenye unga huokoa mafuta yake na moyo wa mteja wake.

DAWA ZA KUNYUNYIZIA

Ugonjwa wa ukungu wa majani, ambao wakulima huuita blaiti, ndio ulioleta njaa kubwa ya Ireland kuanzia mwaka 1845, ambapo watu wapatao milioni moja walikufa. Kwetu ugonjwa huo hudhibitiwa kwa kunyunyiza dawa tena na tena. Mojawapo ya dawa zilizozoeleka duniani ni mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuiruhusu kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na homoni. Aina inayostahimili blaiti humpunguzia mkulima gharama, na humpunguzia sumu kijana anayebeba bomba mgongoni bila glavu wala barakoa. Siku zilizoandikwa kwenye lebo kati ya kunyunyiza na kuvuna zifuatwe bila mjadala. Na mbegu iliyopakwa dawa isiliwe kamwe, hata ikioshwa mara saba.

JARIBIO LA SHAMBANI

Ikiwa wewe au ndugu yako wa Endarasha mnataka kujaribu aina mpya, msilipindue shamba zima kwa msimu mmoja. Fanyeni hivi:

1. Pandeni mistari michache ya aina mpya kando ya ile mliyoizoea, kwa mbolea ileile na siku ileile. Rudieni angalau misimu miwili, mmoja wa mvua ndefu na mwingine wa mvua fupi.

2. Andikeni mara ngapi mmenyunyizia kila aina, na mpime mavuno kwa mizani. Mavuno makubwa yaliyohitaji dawa maradufu si faida kubwa kama yanavyoonekana.

3. Kateni majani ya viazi wiki mbili hivi kabla ya kuvuna ili ganda ligande vizuri. Ganda laini huchubuka, na palipochubuka sumu huongezeka na uozo huingia.

4. Wekeni viazi 20 vya kila aina mahali penye giza, hewa na ubaridi wa kiasi, juu ya mbao na si sakafuni. Hesabuni kila wiki vilivyochipua, vilivyosinyaa na vilivyooza.

5. Wekeni vingine vichache kwenye mwanga na mwone ni aina ipi inayogeuka kijani upesi. Hivyo msivile.

6. Chemsheni na kukaanga viazi vizuri vya kila aina. Kiazi kikiwa kichungu, au kikiwasha ulimi na koo, kitemeni na aina hiyo muiache mpaka ipimwe maabara. Hata hivyo ulimi hauwezi kuchukua nafasi ya maabara, na ndiyo sababu idhini ya serikali ni muhimu.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Watu huitetea kanuni hiyo kwa ajili ya mfuko wa mkulima na mgongo wa mpakiaji. Mimi naongeza sababu nyingine: gunia lililofutukishwa kwa kamba na kutupwa kutoka juu ya lori hupondaponda viazi vilivyo chini yake.

WEWE ULIYE MJINI

Sokoni, kataa viazi vya kijani hata ukipunguziwa bei, na usipende muuzaji anayevianika juani siku kutwa. Nyumbani, viweke kwenye giza na hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki. Nunua vya wiki moja au mbili. Doa dogo la kijani likatwe pamoja na nyama ya kiazi iliyo karibu nalo. Kiazi kilichoenea ukijani, au kilichochipua na kusinyaa, kitupwe. Usimhurumie kiazi ukamsahau mtoto.

Dalili za sumu hii huanza baada ya saa chache, na pengine hufika siku nzima: kichefuchefu, kutapika, kuhara, tumbo kuuma na kichwa kuuma, na mara nyingine homa. Hali ikiwa mbaya, mgonjwa husinzia au huchanganyikiwa. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za maradhi mengine ya tumbo, wengi hukimbilia kudai dawa ya taifodi. Mweleze daktari ulichokula na ni nani wengine walioumwa baada ya kula chakula hichohicho. Mpe mgonjwa maji yenye chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Mpeleke hospitalini mara moja ikiwa ni mtoto mdogo, ikiwa hawezi kukaa na maji tumboni, au akianza kulegea na kuchanganyikiwa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Aina mpya za viazi tunazihitaji, kwa kuwa magonjwa ya mimea na hali ya hewa havitungoji. Zipokeeni, lakini kwanza muulize zimeidhinishwa na nani, hulala kwa muda gani, huhitaji dawa kiasi gani, na zikihifadhiwa huwaje.

Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema.