Dondoo muhimu: Kampuni Estonia, mwenyewe uko nyumbani

Tangu Desemba 2014 Estonia inawapa wageni kadi ya ukaazi wa kidijitali, na kwa kadi hiyo unasajili kampuni mtandaoni bila kukanyaga Tallinn. Usichanganye mambo lakini: si viza wala kibali cha kuishi.

• Kadi huletewi mlangoni. Unaifuata mwenyewe kwenye kituo cha kuchukulia kadi na kuchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo nauli iingie kwenye hesabu.

• Wakurugenzi wakiwa nje ya Estonia, utahitaji anwani ya huko na mtu wa mawasiliano mwenye leseni. Huduma hiyo ni ya kulipia.

• Benki ndiyo kigingi. Cheti cha usajili hakikuhakikishii akaunti. Ulizia kabla hujalipa ada yoyote.

• Faida inayobaki ndani ya kampuni haikatwi kodi ya mapato mpaka igawiwe. Hapa wengi hushangilia mapema. Ukiiongoza kampuni kutoka Dar es Salaam au Nairobi, mamlaka ya mapato ya huko (TRA au KRA) inaweza kuihesabu kuwa mkaazi wa nchi hiyo kikodi, na kudai chake.

• Taarifa ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, hata kama hukuuza kitu. Kampuni isiyowasilisha inaweza kufutwa.