Udongo wa Magadi na Maji Mengi

Wako wakulima wengi wanaodhani ya kuwa shamba lililoingiwa na magadi hupona likifurikishwa maji ya mfereji mpaka chumvi iishe. Neno hili si kweli siku zote. Katika tambarare za Kahe, kusini ya mji wa Moshi, ambako baadhi ya mashamba yana magadi, yafaa lieleweke vema, maana maji matupu huweza kuliharibu shamba zaidi.

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno. Upana wake haufiki milimita 0.002. Kila moja ni mfano wa rundo la karatasi nyembamba zilizofanyika kwa silika na alumina. Karatasi hizo zina nguvu ya umeme hasi, kwa hiyo hushika madini yenye umeme chanya, kama kalisiamu na sodiamu. Kalisiamu, yenye nguvu maradufu, huzikusanya chembe zikawa madonge yapitishayo maji na hewa. Sodiamu hushika kwa udhaifu, tena hujivika maji mengi. Ikitwaa zaidi ya nafasi 15 katika kila 100, chembe hutawanyika na kuziba vinjia vyote. Ndipo maji husimama juu, na jua likiwaka ardhi huwa ngumu kama tofali, mche usiweze kuchomoza.

Chumvi zikiwa nyingi ardhini huzizuia chembe zisitawanyike. Basi mkiziosha kwa maji matamu, chumvi huondoka, lakini sodiamu iliyoshikwa na mfinyanzi hubaki, na udongo wote hugeuka tope.

Dawa ni jasi, ambayo Bwana E. W. Hilgard aliifundisha huko California, Marekani, katika karne ya 19. Kalisiamu iliyomo katika jasi huingia mahali pa sodiamu, nayo sodiamu huchukuliwa na maji. Lazima uwepo mtaro wa kuyatoa maji hayo, la sivyo adui amehamishwa chumba tu. Jasi yachimbwa Makanya, wilaya ya Same, kando ya reli itokayo Tanga. Gharama ya kuisafirisha ndiyo taabu, wala hatuifichi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata gunia moja, twaeni kidonge kikavu cha udongo, kiasi cha punje ya mahindi, mkitie polepole katika bilauri ya maji ya mvua, msikitikise. Kesho yake kikiwa kimezungukwa na ukungu kama wa maziwa, yaelekea sodiamu imezidi. Maji yakibaki safi, msifurahi upesi. Upelekeni udongo kwa Bwana Shamba upate kupimwa, maana chumvi nyingi huweza kuificha sodiamu.