Rangi ya Chini Kwanza: Vidokezo kwa Wachoraji wa Goma

Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, na turubai jeupe halipatani nayo. Kijivu cha mawe hayo ukikipaka juu ya weupe mtupu, macho yanakiona cheusi kupita kiasi, mkono unakimbilia kukipausha, na picha nzima inachujuka. Basi chagua vizuri unachopaka kwanza.

1. Lava inataka joto chini yake. Ile iliyoingia hadi katikati ya mji Januari 2002 si nyeusi tupu: ukiinama utaona kijivu, zambarau na kutu. Paka turubai zima siena iliyochomwa, nyepesi kama chai ya rangi. Ikikauka, weka vijivu vya ubaridi juu yake, lakini acha mianya midogo kati ya jiwe na jiwe. Ule wekundu ukichungulia hapo, mawe yanapata uhai.

2. Msukuma chukudu? Paka, kisha futa. Tandaza amba iliyochomwa. Ingali mbichi, futa kwa kitambaa panapopigwa na jua: paji la uso, bega, usukani wa mbao. Giza liache lilivyo. Kabla hujagusa rangi nyingine utajua kama picha inasimama. Na kwa ngozi zetu, hudhurungi hiyo tayari ni kivuli. Msingi wa kijani ambao Waitalia wa zamani waliupenda kwa nyuso uliwafaa kutuliza uwaridi wa ngozi nyeupe. Kwa sura za hapa siushauri.

3. Ziwa Kivu lenye ukungu: kijivu. Changanya nyeupe ya titani, amba na bluu kidogo, utoe ngazi tano za mwanga. Kikauke kabisa ndipo upitishe rangi nyembamba za juu.

4. Chini mafuta kidogo, juu mengi zaidi. Ukigeuza utaratibu huu, picha itapasuka. Amba hukauka upesi kwa sababu ina manganizi. Nyeusi ya mifupa hukawia, kwa hiyo usiitegemee chini.

5. Una haraka? Msingi wa akriliki, mwembamba na usiong'aa, unapokea rangi ya mafuta bila shida. Akriliki juu ya mafuta, kamwe: itabanduka.

6. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la mawe hunata kwenye rangi mbichi. Egemeza turubai uso ukiangalia ukuta, mbali na dirisha la barabarani.