Kulinda kwa bunduki: ya kujua kabla ya kushika lindo

Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu huko Lamu, mtoto huzoea sare za jeshi kabla hajaona lifti. Tangu Kenya ilipopeleka wanajeshi Somalia Oktoba 2011, na zaidi baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu imekuwa nchi ya kambi na vizuizi. Haishangazi basi kwamba kijana aliyechoshwa na bahari huitazama kazi ya ulinzi na kusema: hii naiweza. Huenda unaiweza. Ila ujue mapema kwamba kazi hii hufanywa kwa macho, masikio na kalamu. Bunduki huja mwisho, na mlinzi hodari anaweza kustaafu bila kuifyatua hata siku moja.

Chagua mlango

Kenya, mlinzi wa kampuni ya binafsi habebi bunduki. Kambi ya jeshi la Kenya (KDF) nayo hulindwa na wanajeshi wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kulinda kwa silaha ana njia mbili kuu: ajiunge na jeshi au polisi, ama awe polisi wa akiba kijijini kwake.

Jeshi huchukua makurutu wa miaka 18 hadi 26, wenye angalau D ya mtihani wa sekondari (KCSE) na urefu wa futi 5 na inchi 3. Usajili ni bure. Anayekudai chochote ni tapeli, na ukimpa, nawe una kesi ya kujibu.

Polisi wa akiba wamo katika Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kifungu cha 110. Ni watu wazima wenye mwenendo mwema, *waliojitolea*. Neno hilo lisikupite. Usiuze nyavu kwa kutegemea mshahara. Muulize mkuu wa kituo cha polisi (OCS) mambo matatu kabla ya kutia sahihi: posho hulipwa vipi, ukiumia nani atakutibu, na ukifa nani ataitazama familia yako.

Ipokee bunduki kama deni

Silaha si yako, ni ya serikali. Ukikabidhiwa, soma namba yake mwenyewe na uilinganishe na ile ya daftarini, kisha hesabu risasi moja moja. Usitie sahihi hesabu ya mtu mwingine.

Kuipakua kuna mpangilio wake. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Toa magazini *kwanza*. Vuta komeo nyuma, risasi iliyo chemba itoke. Tazama ndani ya chemba, kisha tia kidole uhakikishe, kwa kuwa gizani macho hudanganya. Anayevuta komeo kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha humwambia mwenzake kwamba bunduki ni tupu.

Jifunze mambo yalivyo kila siku

Hapa mtoto wa Mkokoni ana elimu asiyokuwa nayo askari aliyeletwa kutoka bara. Wewe wajua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, na kwamba wakati wa bamvua wavuvi wa pweza hutembea mwambani mbali sana. Wajua ni mashua ya nani inayorudi alfajiri, na kwamba kusi ikivuma hakuna mwenye akili anayetoka na dau dogo. Mgeni ataogopa kila taa baharini. Wewe utaiona ile moja isiyokuwa na sababu ya kuwepo.

Hili si jambo dogo. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia usiku hoteli ya Kiwayu Safari Village, jirani na Mkokoni, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kutoroka kwa boti na mkewe, Judith.

Adui mkubwa wa elimu hiyo ni mazoea. Tarehe 5 Januari 2020, kabla ya jua kuchomoza, wapiganaji wa al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, huko huko Lamu. Waliuawa Wamarekani watatu: mwanajeshi mmoja na raia wawili waliokuwa kwenye kandarasi. Uchunguzi wa jeshi la Marekani, uliotolewa Machi 2022, ulitaja kubweteka na kutoielewa hatari vilivyo. Kwa hiyo badilisha saa na njia zako za doria, na saa za mwisho za zamu, mwili unapodai usingizi, simama utembee.

Ulimi kabla ya mtutu

Mtu akikaribia, mzuie akiwa mbali, kwa sauti kavu isiyo na matusi: "Simama hapo! Nani wewe?" Akishajulikana, rudi kwenye adabu: "Shikamoo mzee, watoka wapi saa hizi?" Wavuvi wa Lamu waliumia mno kwa kafyu na marufuku ya kuvua usiku. Mzee uliyemdhalilisha mbele ya wajukuu zake hatakuletea habari ya boti ngeni aliyoiona.

Kuhusu kufyatua, soma Jedwali la Sita la ile Sheria ya Huduma ya Polisi. Silaha ni kwa pale njia nyepesi zimeshindwa na maisha yamo hatarini, yako au ya mwingine. Jitambulishe, toa onyo, mpe muda wa kutii ila ikiwa kuchelewa kutaleta kifo. Ukimjeruhi, mpatie matibabu na uripoti mara moja. Mtu kukimbia kwa kuogopa sare si sababu ya kufyatua.

Andika

Daftari ndilo wakili wako. Andika saa, mahali, ulichokiona na ulichokifanya. "Boti ya faiba, watu wanne, bila taa, saa 9:20 usiku, ikielekea Kiunga" ni habari. "Boti ya kutilia shaka" ni hofu yako tu. Na usiondoke lindoni mpaka anayekupokea amesoma na kutia sahihi.

Ukiitwa ng'ambo

Kuanzia miaka ya 2000 maelfu ya Waganda walilinda kambi za Marekani nchini Iraki. Mshahara ulioanza kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi ulishuka sana kampuni ziliposhindana kwa bei. Wengi walioumia hawakujua kwamba sheria ya Marekani ya 1941 iliwapa haki ya bima. Hivi karibuni zaidi, kuna Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida Urusi wakajikuta mstari wa mbele Ukraine.

Hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Dai mkataba kwa lugha unayoisoma kabla ya kupanda ndege, wenye jina la mwajiri, mahali pa kazi, mshahara na bima, na nakala yake ibaki nyumbani. Wakikuambia utausoma ukishafika, bakia Mkokoni.